Ekuteri imenyamaza upande mmoja, imepoteza besi au inavuma: pa kuanzia kutafuta kosa

Ukisikia upande wa kulia umekatika, usikimbilie madukani Birere, hapa Goma, kununua ekuteri nyingine. Ekuteri ya masikioni, yaani earphone, ni mlolongo mfupi: simu au kicheza muziki, adapta kama ipo, jeki, waya, kiungio cha waya na ganda, spika iliyo ndani ya ganda, wavu wa mdomoni, na mpira unaoingia sikioni. Kosa huwa limekaa mahali pamoja kwenye mlolongo huo, na kwa kawaida hukaa kwenye kitu cha bei ndogo: wavu ulioziba, mpira usiokutosha, waya uliokatika karibu na jeki. Spika yenyewe huwa ya mwisho kufa.

Kazi yote iliyo hapa chini inakwenda kwa kanuni moja: badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha waya na adapta kwa pamoja na sauti ikarudi, hujui kipi kilikuwa kibovu, na Jumapili utakibeba kilekile kanisani.

Weka karibu mswaki mpya laini, alkoholi ya duka la dawa ya asilimia 70 au zaidi, tochi ya simu, kijiti cha meno cha mbao, na ekuteri ya pili unayojua kwa hakika ni nzima. Waya wa akiba ni msaada mkubwa, na multimita (kipima umeme) pia ukiweza kuiazima. Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye besi na mwimbaji katikati, uliohifadhiwa ndani ya simu. Wimbo wa mtandaoni hupungua ubora wenyewe mtandao ukilegea, ukadhani ni ekuteri.

Upande mmoja umenyamaza au uko chini

Anza na simu, maana haigharimu kitu. Simu nyingi za Goma zimewekwa Kifaransa: fungua « Paramètres » (mipangilio), kisha « Accessibilité » (ufikivu), utafute mstari wa kulinganisha kushoto na kulia. Kitufe kikiwa kimesukumwa upande mmoja, upande wa pili unafifia au unanyamaza kabisa. Kirudishe katikati. Palepale zima « mono », inayochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja, kama imewashwa. Haiui upande wowote, lakini itakudanganya utakapopima pande.

Kisha tazama mdomo wa ekuteri. Toa mpira, mulika tochi. Wavu mzima unaonekana kama chujio la chai, vitundu vyake viko wazi. Ulioziba una utando wa njano au kahawia, na hapa kwetu utando huo umechanganyika na vumbi jeusi la lava. Vumbi hili linastahili kuogopwa. Ni gumu, lina kingo kali, na sehemu yake huvutwa na sumaku: pitisha sumaku ndogo juu ya mchanga mweusi wa barabarani uone chembe zinavyong'ang'ania. Ndani ya kila ekuteri kuna sumaku. Ukipanda pikipiki kutoka mtaa wa Ndosho hadi Katindo ekuteri ikining'inia shingoni bila kifuko, chembe zinakwenda palepale pasipotakiwa.

Safisha hivi:

1. Shika ganda, mdomo ukitazama chini, ili kinachotoka kianguke badala ya kurudi ndani.
2. Piga mswaki mkavu taratibu kwa nusu dakika.
3. Kama nta imekauka, lowesha ncha za mswaki kwa alkoholi, ukung'ute mpaka usidondoke, upige tena. Mdomo bado uko chini.
4. Acha saa nzima ikauke kabla ya kuwasha muziki.
5. Mipira ya silikoni ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, uikaushe kabisa. Mipira ya sponji usiitie alkoholi; ipanguse tu, ikichoka itupe.

Usichome wavu kwa sindano wala pini. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huingia, na usipeleke ekuteri kwenye kompresa ya kujazia matairi: upepo wake unapasua utando wa spika kwa sekunde moja. Usimimine alkoholi mdomoni. Ekuteri zenye spika za amacha, yaani vile visanduku vidogo vya chuma vilivyopangwa ndani ya ganda, zina vijimrija vyembamba na vichujio vidogo ndani yake. Kioevu kikifika huko hakitoki kirahisi.

Wavu ukisafishwa na upande bado uko chini, zungusha pande. Kwenye ekuteri yenye waya unaochomoka, toa waya pande zote mbili, kisha upande wa waya uliokuwa kulia uuchomeke kwenye ganda la kushoto, na wa kushoto kwenye la kulia. Sikiliza. Ukimya ukihamia ganda la pili, waya, jeki au chanzo ndicho kibovu, na ganda lako ni zima. Ukimya ukibaki kwenye ganda lilelile, kosa liko ndani ya ganda au kwenye tundu lake. Jaribio hili la dakika moja linazidi yote yaliyomo hapa, kwa sababu linagawa mlolongo katikati. Ukimya ukiwa umefuata waya, chomeka ile ekuteri nzima kwenye simu hiyohiyo: ikiimba pande zote, simu haina kosa, badilisha waya.

Kuna mtego mmoja wa viungio. Zile pini mbili zina aina kadhaa. Iliyoenea ni ya milimita 0.78, na ziko nyingine zenye kikombe cha plastiki kinachozunguka pini. Ukilazimisha aina moja ndani ya nyingine, tundu linapanuka na halirudi. MMCX, ile ya duara inayozunguka, haipendi kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Ikianza kukatakata, pangusa kwa kijiti cha meno kilichofungwa uzi wa pamba na kuloweshwa kidogo alkoholi. Unapoitoa, vuta moja kwa moja bila kupinda.

Kwa waya usiochomoka, cheza muziki kwa sauti ndogo na kunja waya polepole sehemu tatu: sentimita mbili za kwanza kutoka jeki, pale unapogawanyika, na pale unapoingia gandani. Sauti ikirudi kwa muda, mahali hapo ndipo ulipokatika.

Mwenye multimita aiweke kwenye omu 200, ekuteri ikiwa nje ya sikio na nje ya simu. Ncha ya jeki ni kushoto, pete ya kwanza ni kulia. Jeki yenye mistari miwili myeusi, shina lake ndilo masi, ule waya wa kurudi unaotumiwa na pande zote mbili. Jeki yenye mistari mitatu, ya aina ya simu za sasa, masi ni pete ya pili na shina ni maikrofoni. Ekuteri ya utando mmoja iliyoandikwa omu 32 itasoma karibu na hapo, na pande zote mbili zitakaribiana. Upande usiosoma chochote umekatika. Ukisikia mkwaruzo mdogo unapogusa, spika iko hai.

Simama hapa kama waya ni mzima, mdomo ni safi, na ganda bado limenyamaza. Kulipasua ganda lililogundishwa nyumbani huua spika mara nyingi kuliko kuliponya.

Vyombo vinasikika, mwimbaji amepotea

Kosa hili huwachanganya watu, kwa kuwa pande zote mbili zinatoa sauti. Besi imepungua, mwimbaji yuko mbali kama anaimba kisimani, lakini gitaa za pembeni ziko wazi. Masi haigusi. Masi ikiachia, spika mbili zinabaki zimefuatana kwenye mzunguko mmoja, zinacheza tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji yuko sawa pande zote, kwa hiyo anafutika.

Sababu ya kwanza ni jeki isiyoingia hadi mwisho. Kifuniko kinene cha simu kinaizuia, au pamba ya mfukoni imejibana chini ya tundu. Zima simu, ikwangue pamba kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa chuma. Sababu ya pili ni jeki yenye mistari mitatu iliyochomekwa kwenye kifaa au adapta ya mpangilio wa zamani, ambapo masi na maikrofoni zimebadilishana nafasi. Hapo kinachohitajika ni adapta ndogo ya kugeuza. Ya tatu ni waya wa masi kukatika ndani. Utaugundua kwa kunja waya kama ilivyoelezwa.

Besi imekwenda

Kabla ya kulaumu ekuteri, laumu mpira. Besi ya ekuteri ya masikioni inategemea sikio kuzibwa kabisa. Upenyo mdogo tu unaimaliza. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza ekuteri kwa kuizungusha kidogo, achia sikio. Sukuma ganda ndani taratibu kwa kidole muziki ukicheza. Besi ikirudi unaposukuma na kupotea unapoachia, mpira ni mdogo. Panda saizi moja. Si ajabu sikio la kulia kutaka saizi ya kati na la kushoto kubwa, vaa hivyohivyo. Unaponunua mipira, angalia unene wa mdomo: nyingi hutaka tundu la milimita 4.5 hadi 5.5, lakini ziko ekuteri zenye mdomo mwembamba wa milimita 3 tu, na mpira wa kawaida utabaki umekwama sikioni ukizivua.

Mpira ukiwa sawa na besi bado haipo, na sauti inaonekana kutoka kila mahali bila kukaa katikati ya kichwa, upande mmoja umegeuzwa chanya kwa hasi. Hutokea baada ya mtu kuchomeka upya waya wa pini mbili. Utando mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta, hivyo besi zinauana. Chomoa kiungio cha upande mmoja tu, kigeuze nusu mzunguko, chomeka tena. Ukisikia besi imejaa na mwimbaji amerudi katikati, umemaliza. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kiungio na ganda ili isijirudie.

Mwisho tazama vile vitundu vya kupumulia mgongoni mwa ganda au karibu na mdomo, vyembamba kama ncha ya sindano. Vikizibwa na vumbi, besi hubadilika, na unapovaa utasikia mlio wa kukunjika kama karatasi ya peremende. Huo ni utando unaobanwa na hewa. Mlio wenyewe hauna madhara ukivaa polepole, lakini ukivaa kwa nguvu utando unaweza kubaki umebonyea na upande ukanyamaza. Piga mswaki mkavu kwenye vitundu, usivichokonoe.

Mkwaruzo waya ukiguswa

Tenganisha vitu viwili. Sauti ya "du-du" kila waya unapogonga shati, hata muziki ukiwa umezimwa, ni mtikisiko unaopanda juu ya waya. Si ubovu. Pitisha waya juu ya sikio kwa nyuma na ubane kwa klipu kwenye kola. Sauti inayokatika na kurudi muziki unapocheza ni mguso mbovu: safisha jeki kwa alkoholi, safisha tundu, zungusha jeki ndani ya tundu ukisikiliza. Ikikwaruza kwa kila jeki unayochomeka, tundu la simu limelegea na hilo ni la fundi.

Mshindo na mvumo

Mshindo laini wa "shhh" usiobadilika unatoka kwenye kikuza sauti cha chanzo. Ekuteri nyepesi kuendesha, yaani zinazotaka nguvu ndogo, hasa za amacha, hufichua mshindo ambao kaske kubwa ya kufunika masikio haiuonyeshi. Jaribu chanzo kingine. Ukipungua, ekuteri haina kosa. Katika kuchagua adapta, shika kipimo hiki: ukinzani wa tundu la kutolea sauti usizidi sehemu ya nane ya ukinzani wa ekuteri. Ekuteri ya omu 16 inataka chanzo cha omu 2 au chini. Chanzo kikizidi hapo, ekuteri yenye spika nyingi hubadilika sauti yenyewe, kwa kuwa ukinzani wake hupanda na kushuka kufuata noti. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima juu ya ekuteri ileile kumbe wanasikiliza vyanzo tofauti.

Mvumo mzito wa "mmm" unaokuja simu ikiwa kwenye chaja ni umeme. Chomoa chaja. Ukikatika, chaja au jenereta ndiyo chanzo. Tumia benki ya umeme: ichaji umeme ukiwepo, kisha ichaji simu ukiwa umeichomoa ukutani.

Kanisani mvumo huingia kupitia miksa. Kompyuta iko kwenye soketi moja, miksa kwenye nyingine, na masi zao zinaonana kwa njia mbili. Chomoa chaja ya kompyuta uiache kwenye betri. Mvumo ukinyamaza umepata mzunguko huo. Weka vifaa vyote kwenye multipriza moja (soketi ya matundu mengi), na usipotosha tia transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uondoke. Katika mji uliojengwa juu ya jiwe la lava, kupata ardhi nzuri ya umeme tayari ni kazi, na pini ile ndiyo inayomlinda mwimbaji mwenye maikrofoni ya chuma mkononi.

Simama mara moja ukihisi mwasho wa umeme sikioni au kwenye midomo kifaa kikiwa kwenye chaja. Vua, chomoa ukutani, usiitumie chaja hiyo tena. Mwasho mdogo unaweza kutoka hata kwenye chaja nzima isiyo na pini ya ardhi, lakini chaja bandia inaweza kukupitishia umeme wa ukutani wote, na kwa masikio huwezi kuzitofautisha. Siku ya radi chomoa kila kitu. Uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare, ng'ambo ya kusini ya ziwa Kivu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, na upande wetu hauko mbali.

Adapta ya USB-C haitoi sauti, au inatoa ndogo mno

Adapta zinafanana kwa sura lakini ni mbili. Moja ina chipu ya DAC ndani, inayogeuza namba kuwa sauti. Nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe kupitia tundu la USB-C, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Ichomeke kwenye kompyuta: yenye chipu itajitokeza kwenye orodha ya vifaa vya sauti, waya mtupu hautajitokeza. Fanya jaribio hili dukani kabla ya kulipa.

Yenye chipu isipotambuliwa, tafuta « OTG », ruhusa ya simu kutumia vifaa vya USB, kwenye mipangilio. Baadhi ya simu huizima zenyewe isipotumika kwa muda. Sauti ikiwa ndogo, pandisha sauti ya simu hadi mwisho huku ekuteri ikiwa mezani, kisha punguza ndani ya programu ya muziki. Zipo adapta ambazo simu za Android huzibana chini kwa programu, na programu ya muziki inayoendesha DAC moja kwa moja huzifungua.

Onyo kwa wenye DAC za tundu la milimita 4.4, ambapo kushoto na kulia havishiriki masi: usitumie adapta ya kupokea jeki ya 3.5 kwenye tundu hilo. Jeki ya 3.5 inaunganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia, na kikuza sauti kinaweza kuungua. Kinyume chake, waya wa 4.4 kwenda tundu la 3.5, hakina shida.

Ekuteri zisizo na waya

Upande mmoja usipowaka, pangusa vile vidoti vya shaba kwenye ekuteri na ndani ya kisanduku kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Jasho na vumbi huvifunika, upande mmoja haupati chaji. Kisha futa ekuteri kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, rudisha zote mbili kisandukuni, zianzishe upya kwa maelekezo ya kiwanda, uunganishe tena. Kisanduku kisipochaji kwa waya wa USB-C pande zote mbili, jaribu ule wenye USB pana upande wa chaja. Vifaa vya bei nafuu mara nyingi havikuwekewa rezista zinazoiambia chaja ya USB-C itoe umeme, kwa hiyo hukaa kimya na mwenyewe hudhani vimekufa.

Kukatikakatika sokoni penye watu wengi ni kawaida, mwili wa mtu huzuia mawimbi. Hamishia simu mfuko wa upande wa ekuteri inayoongoza.

Simama kisanduku kikivimba, kikipata moto mkali au kikinuka tamu kama rangi ya kucha. Usikichaji tena, usikitoboe, kiweke nje juu ya jiwe mbali na vitu vinavyoungua.

Ilipoingia mvua

Zima, futa, toa mipira, chomoa waya. Iache siku mbili kwenye kopo lililofungwa pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Mchele haufai: hukausha kidogo na huacha unga kwenye wavu. Usianike juani wala juu ya makaa.

Pale sikio lenyewe linapolalamika

Mpira ukibaki ndani ya sikio, usiufuate kwa kijiti wala kibano, utausukuma ndani zaidi. Nenda kwa daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Nenda pia kama masikio yanalia zaidi ya siku moja baada ya kusikiliza, au upande mmoja ni hafifu kwa kila ekuteri unayovaa, hata ukizigeuza kulia kwa kushoto. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila sauti inapopanda, saa hizo hupungua haraka.

Unapoipeleka kwa fundi

Kulehemu waya wa ekuteri ni kazi ya mkono uliozoea. Nyuzi zake zimepakwa vanishi inayozuia umeme, na risasi haishiki mpaka vanishi iungue. Kawaida nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, rangi ya shaba ni masi. Mwambie ulichokwisha kupima, kwa mfano: "Fundi, kulia kumekufa. Nimezungusha pande, ukimya umefuata waya. Ukikunja hapa karibu na jeki sauti inarudi. Kata sentimita tatu, uweke jeki mpya, maganda usiyafungue." Chomeka jeki hiyo mpya mbele yake, uchezeshe wimbo wako uleule, usikilize kama mwimbaji amekaa katikati kabla ya kulipa.